Redio nzima zisitolewe matumbo kupamba mikahawa

Mhariri,

Mimi ni fundi wa redio hapa Luthuli Avenue tangu enzi za Sauti ya Kenya, redio ya taifa, kabla haijabadilishwa jina kuwa KBC mwaka 1989. Wateja wangu wa siku hizi hata si wasikilizaji. Ni wenye mikahawa. Kijana hunionyesha picha kwenye simu, aniambie, "Mzee, nataka redio ya mbao kama hii, hata ikiwa mbovu." Huyo hanisumbui, maana maganda matupu ninayo tele. Anayeniuma ni yule anayekwenda soko la Gikomba, akauziwa redio nzima inayonguruma vizuri, kisha akampa seremala aitoe matumbo apachike balbu za rangi.

Redio ya vali, iwe Philips, Murphy au Pye, haitengenezwi tena. Vali ni zile chupa za kioo zinazowaka wekundu ndani yake; zikishatupwa jalalani, kuna mzee mahali fulani ambaye yake itanyamaza kwa kukosa spea. Kioo cha mbele nacho, chenye majina ya London, Paris na Hilversum, kikipasuka kwa bisibisi ya seremala huwezi kukipata dukani.

Na wala hakuna haja ya kuipasua. Nyingi zina matundu nyuma, yaliyowekwa kwa ajili ya gramafoni. Fundi anayejua kazi atapitishia hapo sauti ya simu yako, na rumba itatoka kwenye spika ile ile ya zamani. Stesheni za FM usizitarajie sana. Redio nyingi za aina hiyo zilitengenezewa masafa mengine.

Ila usiitoe sokoni ukaichomeka ukutani papo hapo, nakusihi. Kapasita za karatasi, vile vipande vinavyohifadhi umeme, huvuja umeme zikizeeka, na ndani kuna volti za kuua, ambazo huweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Nyingine hazina kabisa transfoma ya kuzitenga na stima: bati lote la ndani limeungana na stima ya ukutani. Mhudumu akipangusa vumbi, akagusa skrubu pale kitufe kilipong'oka, mkahawa utafungwa kwa msiba. Hizo zibaki pambo, na waya ukatwe.

Anayetaka sura ya zamani tu aende kwa mafundi wa bati wa Kamukunji. Koroboi na masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni yanagongwa pale mapya. Ya nini kumbembeleza nyanya wa watu auze sanduku lake? Na kama pambo unalotaka ni milango ya nakshi ya Pwani, hiyo si fani yangu, lakini sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inailinda iliyochongwa kabla ya 1946. Muulize anayekuuzia ameung'oa wapi, na akianza kubabaika, shika njia.

Maganda ya redio ninayo, ya mbao na ya bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, na sitawauzia kwa bei ya kitalii. Njooni mchague. Mkija, nileteeni na matumbo mliyokwisha kung'oa, hata yakiwa yamejaa rangi ya seremala, kwa sababu vali haijulikani imekufa mpaka ipimwe.

Fundi wa redio,
Luthuli Avenue, Nairobi