Barua kwa wanangu wa chama: mbona hamuitani?

Wanangu,

Assalamu alaykum. Nawaandikia nimekaa dakani, alasiri imeshaswaliwa, kwa sababu ya jambo nililoliona tulipokutana kuchanga Jumapili. Mmoja wenu alihesabu pesa mara tatu, na kila mara akapata hesabu nyingine. Mara ya nne machozi yakamtoka. Mkamwambia "pole, umechoka", kikao kikaendelea. Na mimi, mkubwa wenu, nikaendelea nanyi. Hilo limeniuma mpaka leo.

Maisha yenu nayajua. Mnaamka saa 10 alfajiri kusukuma mahamri. Mchana ni shule au duka, jioni ni watoto wa kupeleka chuoni kusoma Qur'ani na mgonjwa wa kutazamwa, usiku ni hina na keki za watu, mpaka saa 6. Hapo mmepata usingizi wa saa nne tu, na mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Kisha mnashangaa kwa nini mnasahau, mnawafokea watoto kwa kikombe kilichomwagika, na kufua nguo chache tu kunaonekana kama kuhamisha mlima wa mchanga wa Shela.

Niliwahi kuwa hivyo. Nilipojifungua mtoto wa tatu, mamangu alikuwa ameshafariki. Desturi yetu mnaijua: mzazi hukaa arubaini ndani, akakandwa kwa maji moto, akasingwa, akaletewa supu na uji wa pilipili manga, na chungu asikiguse. Mimi siku ya 15 niliingia jikoni. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona haya kumwomba jirani, nikajiambia mtoto wa tatu si jambo geni, mwili umezoea. Nikaanza kukaanga mahamri ya kuuza. Asubuhi moja nikasinzia mbele ya karai. Kilichoniamsha ni ukelele wa mwanangu wa pili, ametia mkono kwenye mafuta. Kovu analo hadi leo, na sasa yeye mwenyewe ana watoto.

Jirani alikuja mbio, akamshika mtoto, akamtia mkono kwenye maji baridi. Hakunilaumu. Jioni ndipo aliponiuliza, "Mbona hukuniita?"

Sikuwa na jibu. Siku zote zile nilidhani ananiona, kwa vile milango yetu inatazamana. Alikuwa akisikia mchi wangu alfajiri, akashukuru kwamba nimepata nguvu mapema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanangu. Asipoambiwa kwamba ni mzito, ataujuaje?

Tangu hapo nimeielewa arubaini vingine. Kitanda na supu vina kazi yake, lakini mzazi alilala kwa sababu alijua nani ameshika chungu, nani ameogesha watoto wakubwa. Kupumzika huku moyo umebaki jikoni hakupumzishi. Ndiyo maana mkiambiwa "jipumzisheni" hamuwezi: mnalala kitandani mkihesabu kazi.

Na msione haya. Upepo wa kusi ukishika, wanaume hupandisha vyombo vyao vya baharini pwani, wakakalafati na kushona matanga, na sijasikia mtu akiwaita wavivu. Mtume wetu (s.a.w.) alimwambia Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha akiswali, kwamba mwili wake una haki juu yake, na jicho lake lina haki juu yake. Ikiwa hata ibada imewekewa mpaka, keki za harusi je?

Ombi langu ni hili. Kila Jumapili mmoja wetu hupokea pesa. Nataka apokee na mchana mmoja. Kuanzia adhuhuri mpaka magharibi watoto wake wawe kwa mwenzake, chungu chake kipikwe na mwenzake, na simu yake aizime. Akitaka kulala alale; akitaka kukaa akitazama boriti za dari, akae. Asiulizwe amefanya nini. Na asiye na zamu wiki hiyo lakini amelemewa, aseme, hata usiku.

Kuna uchovu ambao usingizi hauuondoi. Ukiona wiki mbili zimepita huna raha na chochote, chakula hakipiti, au unatamani usiamke, njoo kwangu, twende hospitali pamoja. Nitakaa nawe kwenye foleni. Huo ni ugonjwa kama malaria, na una matibabu.

Zamu ya kwanza nampa yule aliyelia. Mwanangu, Alhamisi adhuhuri ikishaswaliwa nitapita mwenyewe kuwachukua watoto, na chakula cha usiku nitakuja nacho. Usinipikie kitu, na usifagie nyumba kwa sababu nakuja.

Mama yenu,
Langoni, Amu