Mafuta kabla ya safari ya Jumamosi

Habari za jioni, ndugu marubani. Kabla hatujaruka Jumamosi, naomba tuzungumzie mafuta. Geji msiziamini peke yake. Panda, fungua kifuniko, chovya kijiti, soma alama kwa macho yako, hata kama aliyejaza ni mtu unayemwamini.

Kinachoniuma zaidi ni ndege kutua shambani huku tangi lingine lina mafuta tele. Piper PA-28 haivuti matangi yote mawili kwa pamoja kama Cessna 172. Ni kushoto au kulia, na rubani akisahau kubadilisha, injini inakohoa, kisha kimya. Wekeni saa iwakumbushe kila dakika 30.

Injini ikizima, kwanza shusha pua upate mwendo wa kuteleza hewani. Halafu badili tangi, washa pampu. Ukiwa chini sana, achana na hayo, chagua uwanja, utue ndege ikiwa bado inakutii.

Sheria za Marekani, kwa ndege inayorushwa kwa kuona nje kwa macho, zinataka akiba ya dakika 30 mchana, 45 usiku. Naona ni kidogo mno. Sisi tutue tukiwa na ya saa nzima. Asiye na kijiti aniandikie leo.