Usipake rangi kwanza, Salma

Tanga, 11 Mei

Shoga yangu Salma,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila mvua haitupi nafasi. Bi Time anakusalimu, mguu umepata nafuu. Ya posa ya Zuhura nitakujibu siku nyingine, maana tangu jana akili yangu yote iko kwenye ile picha uliyonitumia ya chumba cha mwanao Nasri.

Nimeikuza nikaitazama vizuri. Yale madoa meusi nyuma ya kitanda ni ukungu, na mtoto analala pua iko shibiri moja tu kutoka hapo. Halafu unaniandikia kwa mstari mmoja kwamba kikohozi cha usiku kimerudi! Salma, yule ana pumu. Mhamishe leo alale chumba cha mbele, mengine yatafuata.

Huyo fundi uliyeniandikia anataka akwangue, apige lipu ya saruji na kupaka rangi ya mafuta, ili wageni wa Ijumaa wakute ukuta unang'aa. Utang'aa, sawa, lakini nyumba yenu hapo Mji Mkongwe, Unguja, ni ya mawe na chokaa, na ukuta wenyewe mnene kama nusu mita. Kuta zile huingia maji na kuyatoa, chokaa inayapitisha mpaka upepo unayakausha. Ukizifunga kwa saruji, maji yaliyomo yanakosa pa kutokea. Yatapanda, yatahamia upande wa pili, na chumvi itaisukuma ile lipu mpaka ibanduke vipande vipande. Rangi ya mafuta nayo ni hivyo hivyo. Marehemu baba alikuwa anaiacha kazi kabisa mwenye nyumba akishikilia saruji, na unajua hali yetu ilivyokuwa wakati ule.

Kwanza tujue maji yanatoka wapi. Unyevu wa ardhini huanzia chini ukapanda, lakini doa lako limeanza juu, kwenye pembe chini ya boriti, likashuka. Pale juu si ndipo choo cha Mama Ruki? Au ni bomba la kiyoyozi chake linalodondokea ukutani? Nenda ukamwone wewe mwenyewe, kwa upole, usimtume shemeji, maana ile ya mwaka jana haijasahaulika. Na hiyo boriti igongwe isikilizwe. Boriti ya mkoko ikilowa muda mrefu huoza ile ncha iliyozama ukutani, wala huoni kitu kwa nje.

Ukiwa na shaka, chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Umande ukitanda upande wa ndani, unaogusa ukuta, basi maji yanatoka ukutani. Ukitanda upande wa chumbani, ni hewa ya chumba: nguo mnazoanika ndani, dirisha lisilofunguliwa. Na ule unga mweupe ulioniuliza, utone maji. Ukiyeyuka ni chumvi tu.

Kusafisha, usikwangue pakavu, vumbi la ukungu litatapakaa nyumba nzima. Vaa barakoa na glavu, fungua dirisha, funga mlango wa ndani, lowesha kwa maji ya sabuni, sugua, pangusa, kisha washa feni pakauke. Dawa ya klorini inafaa kwenye vigae. Kwenye chokaa inafuta weusi tu na kuongeza maji. Na nakuomba sana, usiichanganye na siki, inatoa hewa ya sumu. Godoro la Nasri kama ni lile la sufi na limeshaota ukungu, litupe tu, halisafishiki. Kabati nalo lisogezwe, mkono upite nyuma yake.

Lipu isubiri. Maji yakizibwa, masika yakiisha, ukuta utakauka wenyewe polepole, ndipo upigwe chokaa. Nyumba imo ndani ya eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, kwa hiyo hata kabla ya kugusa ukuta waulize Mamlaka ya Mji Mkongwe, watakuelekeza pia kwa mafundi wanaoijua chokaa. Wageni wakiuona ukuta, wauone. Ni ndugu zako, hawaji kukagua rangi.

Sasa nijibu, tena usinijibu kwa mstari mmoja. Umeshamhamisha mtoto? Anakohoa usiku tu au hata mchana? Dawa yake ya kuvuta ipo au imekwisha? Fundi umeshampa malipo ya kwanza, na atayarudisha? Mama Ruki amesemaje? Ukuta wa upande wa ukumbi nao umelowa? Nipigie picha ya hiyo boriti, mchana, taa imezimwa, na dirisha wazi.

Wako,
Mwanamkuu