Jumamosi tutacheza meza mbili
Habari zenu ndugu. Jumamosi hapa Ntinda tumejiandikisha sita, na nimeazima ubao wa pili wa Risk, mchezo wa mezani wa kutekana maeneo kwenye ramani ya dunia, ili tusibanane. Ubao una maeneo 42: tukiwa sita, kila mmoja anaanza na maeneo 7 na askari 20, tukiwa watatu, 14 na askari 35. Kwenye meza ya sita, anayepigana mapema huchoka, na aliyejibanza Australia, yenye mlango mmoja tu, ndiye anayevuna. Tena zamu huchelewa hadi chai ipoe. Basi watatu watatu, ila jihadharini: wawili wakikabana, wa tatu hunenepa. Mwenye omweso, bao la Kiganda la kete na mashimo, aje nao: mashimo 32, watu wawili, hakuna pa kujificha. Saa nane kamili mchana, tafadhali.