Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: tusaidie kuliondoa bomba la dawa kwenye mfereji

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu, tuingie kwenye jambo lenyewe.

Katika skimu nyingi za umwagiliaji zinazolima nyanya, vitunguu na mboga, kuna mahali pamoja ambapo mhandisi hakupachora kwenye ramani. Ni ukingo wa mfereji. Hapo ndipo mkulima hutua bomba la mgongoni, huchota maji, humimina dawa na kukoroga. Jioni hurudi hapo hapo kuliosha. Hatua chache chini yake mtu mwingine anaosha vyombo, ng'ombe wanakunywa, na mwenye shamba la mchicha amefungulia maji. Hali hiyo utaikuta Ngarenanyuki, Ilula, Ruaha Mbuyuni na mabonde ya Lushoto, yaani kule kule inakotoka sehemu kubwa ya nyanya na vitunguu vya masoko ya mijini.

Tunakuandikia kuhusu ukingo huo. Hatuombi viuatilifu vipigwe marufuku. Mkulima wa nyanya asiye na kinga yoyote dhidi ya ugonjwa wa baka jani au mdudu kanitangaze atapoteza shamba zima ndani ya wiki chache, na sisi tunaosaini barua hii tunalijua hilo kwa sababu ndiyo kazi yetu. Tunachoomba ni kidogo kuliko marufuku, na gharama yake ni ndogo.

Tuanze na hesabu. Chupa ya kawaida ya lambda-sihalothrini, dawa ya kuua wadudu, ya asilimia 5 ina gramu 50 za sumu halisi katika kila lita. Mililita 1 ya dawa hiyo, kiasi kinachobaki kwenye kuta za chupa isiyosuuzwa au kinachomwagika mkono ukitetemeka, ina miligramu 50. Samaki wengi waliopimwa hufa katika kiwango kisichofika maikrogramu 1 kwa lita. Kwa hiyo mililita moja inatosha kufikisha lita 50,000 za maji kwenye kiwango hicho. Ni kweli kwamba sumu za kundi hili, pairethroidi, hunata haraka kwenye tope, hazibaki zikielea majini. Ila kwenye tope ndiko wanakoishi wadudu wadogo wanaoliwa na samaki, na ndiko anakokulia mtoto wa kereng'ende, ambaye hula viluwiluwi vya mbu.

Hapo tunafika kwenye mbu. Pairethroidi ndiyo dawa iliyowekwa kwenye vyandarua tunavyolalia. Mfereji unaotiririka polepole, madimbwi ya pembeni yake na majaruba ni mazalia ya mbu wa malaria. Kiluwiluwi anayekua kwenye maji yenye pairethroidi kidogo, isiyofikia kumuua, huchujwa: dhaifu hufa, wenye ustahimilivu hukua na kuzaa. Mbu huyo akitua juu ya chandarua usiku hakutani na kitu kigeni. Mheshimiwa, fedha za vyandarua hutoka wizara nyingine, lakini sehemu ya nguvu yake inapotelea kwenye mifereji iliyo chini ya wizara yako. Tungependa mlitazame jambo hili pamoja, mezani, mkiwa na ramani ya skimu mbele yenu.

Kwa nini dawa nyingi hivyo? Sababu kubwa kwenye nyanya ni kanitangaze, nondo aliyetoka Amerika ya Kusini na kuingia nchini mwaka 2014. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260, na kwenye joto letu kizazi hukamilika kwa takriban mwezi mmoja. Kiwavi wake hachezi juu ya jani. Huingia katikati ya ngozi mbili za jani au hutoboa tunda, na humo dawa ya kugusa haimfikii. Mkulima hupuliza, haoni mabadiliko, hurudia baada ya siku tatu, kisha huchanganya sumu mbili au tatu kwenye bomba moja. Mara nyingi zote huwa za kundi lile lile zenye majina tofauti ya biashara, kwa hiyo mchanganyiko huo humwongezea gharama na kumzoesha mdudu, bila kumuua zaidi.

Neno lenyewe linatuponza. Tunasema "dawa", na dawa huponya. Kwenye mafunzo ya ugani tungependa litumike neno "sumu" bila aibu, hasa mbele ya mtoto anayetumwa kuosha bomba.

Sumu hiyo hufika mezani kwa njia ambayo haielezwi vya kutosha. Nyanya zikianza kuiva, huchumwa kila baada ya siku 3 au 4. Zipo lebo za mankozebu, dawa ya ukungu, na za viua wadudu vinavyouzwa kwa wingi zinazodai siku 7 au zaidi kati ya kupuliza na kuchuma. Linganisha namba hizo: mkulima akipuliza leo kwa kufuata lebo, lazima aruke mchumo mmoja au miwili, nyanya ziivie shambani na ziozee kwenye tenga. Haruki. Ndiyo maana nyanya hufika sokoni na vumbi jeupe juu ya ganda. Vumbi hilo la mankozebu hutoka kwa sehemu kubwa ukiosha nyanya kwa maji mengi huku ukiisugua, lakini mabaki yakipikwa hugeuka kuwa kemikali inayoitwa kwa kifupi ETU, ambayo huathiri tezi ya shingo. Kumwambia mkulima "subiri siku saba" bila kumpa njia ya kupita kipindi cha mavuno ni kumpa agizo lisilotekelezeka.

Njia ipo. Dawa zenye siku nyingi zitumike kabla ya tunda la kwanza kuanza kuiva. Mchumo ukianza, ahamie kwenye bakteria aina ya Bt, wanaoua viwavi, na mafuta ya mwarobaini, ambavyo muda wake wa kusubiri ni mfupi sana, navyo avipulize jioni kwa sababu jua huviharibu. Mitego ya harufu ya jike, ile ya beseni lenye maji na sabuni kidogo, iwekwe tangu wiki ya kupandikiza: mmoja au miwili kwa ekari kwa ajili ya kujua nondo ameingia lini, na 8 hadi 16 kwa ekari kama lengo ni kupunguza madume. Matunda yaliyotobolewa yafungwe ndani ya mfuko wa plastiki na kuachwa juani. Yakitupwa pembeni mwa shamba viwavi humalizia kukua humo. Na mashina yang'olewe bonde zima kwa wiki moja mara msimu ukiisha. Hili la mwisho mkulima mmoja hawezi, ni kazi ya sheria ndogo ya kijiji.

Sasa ombi letu. Tunaomba kila skimu iwe na kituo cha kuchanganyia dawa, angalau mita 60 kutoka ukingo wa mto, umbali uleule uliomo katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mbali na mfereji kadiri eneo linavyoruhusu. Kituo chenyewe ni tanki la lita 1,000 juu ya kichanja, bomba la maji ambalo mdomo wake unaishia juu ya bomba la dawa bila kuligusa, ndoo na vikombe vyenye alama za mililita, sabuni, na chini yake kitanda cha kumezea sumu.

Kitanda hicho si uvumbuzi wetu. Kilianzia Uswidi mwaka 1993, na vifaa vyake vyote tunavyo vijijini. Chimba shimo la mita 2 kwa 3, kina sentimita 60. Tandika plastiki nzito isiyo na tundu, juu yake sentimita 10 za udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Sentimita 50 zilizobaki zinahitaji mita za ujazo 3 za mchanganyiko: nusu yake mabua ya mahindi au majani ya mpunga yaliyokatwakatwa, robo mboji iliyoiva, robo udongo wa juu wa shamba. Changanya, lowesha, acha wiki 6 hadi 8 kabla ya kukitumia. Mabua hulisha kuvu wanaomeng'enya miti, na vimeng'enya vyao huvunja pia sumu nyingi za shambani. Juu panda nyasi ili zivukize maji, na weka mbao imara za kutulia bomba. Ezeka bati, kwa kuwa mvua ya masika ikijaa humo hewa hukosekana, kuvu hufa, na kitanda kinakuwa shimo la sumu.

Hapa ndipo miradi mizuri huharibika. Kitanda cha mita 6 za mraba hakiwezi kuvukiza zaidi ya lita 30 hivi kwa siku, na chini ya bati ni pungufu. Wakulima 30 wakimwaga humo lita 5 kila mmoja, ni lita 150. Kitafurika wiki ya kwanza. Kwa hiyo kitanda ni cha matone, mimwagiko na kuosha bomba kwa nje. Maji ya kusuuza ndani ya bomba yarudi shambani, yapulizwe kwenye mistari ambayo ilipata dawa kidogo. Tunasisitiza hili kwa sababu mkandarasi atajenga kitanda na kuondoka, na asiyelielewa atakilaumu kitanda.

Chupa nayo ina utaratibu wake, na wakati wake ni wakati wa kuchanganya, si jioni. Bomba likiwa nusu ya maji, mimina dawa iliyopimwa. Chupa ikiisha, igeuze ichuruzike kwa sekunde 30. Tia maji hadi robo, funga, tikisa sekunde 30, mimina ndani ya bomba. Fanya hivyo mara tatu kwa jumla, ndipo ujazie bomba. Sumu uliyoilipia inaishia kwenye zao. Kisha toboa chupa kitako ili isije ikawekwa mafuta ya kula au maji ya shule, na uitie kwenye sanduku la wavu lenye kufuli hapo kituoni. Isichomwe kwenye moto wa majani. Moto huo hauna joto la kutosha, na moshi wake ni sumu nyingine. Sanduku likijaa anayelichukua ni nani? Swali hili linahitaji jibu la Wizara, na tungependa wanaoingiza viuatilifu nchini wachangie gharama ya kuondoa vifungashio vyao.

Kuhusu zahanati, tuna ombi moja tu la kulifikisha kwa mwenzako wa Afya. Kichwa kuuma, kichefuchefu na mwili kuchoka baada ya kupuliza profenofosi au dawa nyingine ya organofosfeti, kundi la viua wadudu, hufanana na malaria. Mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, mate na jasho vikitoka kwa wingi, hiyo si malaria, na atropini, dawa ya kukabili sumu hiyo, inatakiwa iwepo kabatini. Swali la "ulipiga dawa lini, dawa gani?" liingie kwenye maswali ya kwanza kwa kila mgonjwa anayetoka kwenye skimu.

Mheshimiwa, Tume ya Taifa ya Umwagiliaji iko chini yako, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, pia iko chini yako. Moja inapitisha michoro ya mifereji, nyingine inasajili sumu inayopita pembeni mwake. Tunaomba waraka mmoja kwa taasisi zote mbili: kuanzia msimu ujao, mchoro wa skimu mpya au inayokarabatiwa usio na kituo cha kuchanganyia dawa usipitishwe. Na kwa skimu zilizopo, tuanze na tatu za nyanya, sampuli za tope na za nyanya zichukuliwe kabla ya kujenga na baada ya misimu miwili, majibu yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji kwa Kiswahili.

Vipimo na mchoro wa kituo tumeviandaa, na tuko tayari kuvileta Dodoma siku utakayotupangia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Maofisa ugani, wauguzi wa zahanati na wajumbe wa jumuiya za watumia maji katika skimu za mboga