Maporomoko ya Kalambo yanahitaji vibao na waongozaji

Mhariri,

Naomba nafasi niyasemee maporomoko ya Kalambo, mkoani Rukwa. Mwezi uliopita nilitoka Sumbawanga kupitia Matai hadi Kasanga, mji mdogo kando ya Ziwa Tanganyika unaonuka dagaa wa kuanikwa tangu alfajiri.

Pale Kalambo, mpakani na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, kisha mto unapotelea ndani ya korongo jembamba kuelekea ziwani. Nilishika mti nikachungulia. Ukungu ulinilowesha uso, na chini yangu kongoti walikuwa wakielea hewani. Sijawahi kuwaona ndege hao migongo.

Lakini kufika ni shughuli. Njia panda haikuwa na kibao, nikapotea mara mbili, hadi kijana wa bodaboda akanionea huruma. Na pale juu sikumkuta wa kunieleza kuwa jirani tu, upande wa Zambia, watafiti walipata magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale takriban miaka 476,000 iliyopita. Walitangaza mwaka 2023. Jambo zito namna hiyo, mgeni anaondoka bila kulijua!

Wahusika, tafadhali wekeni vibao kuanzia Matai, na wafunzeni vijana wa vijiji vya jirani kuongoza wageni. Yule wa bodaboda anakijua kila kijia, aanze yeye.

Msomaji wako,
Mbeya