Barua kwa mwanangu anayekesha

Mwanangu,

Ujumbe wako umeingia saa tisa usiku. Wa juzi pia. Usiniambie ni simu iliyokosea saa.

Sura ya tasnifu uliyonitumia nimeisoma kwa kituo, kamusi pembeni, na nimeelewa kuliko unavyodhani. Panya akibanwa saa 6 kwa siku, siku 21 mfululizo, matawi ya seli za hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu, hunywea. Nikahesabu jumbe zako za usiku wa manane: zimepita 21. Tena umeandika mwenyewe kwamba panya ni wa usiku, homoni yake ya msongo hupanda giza likiingia, ilhali ya binadamu, kortisoli, hupanda karibu na alfajiri. Sasa wewe umejiweka kundi gani? Mganga hajigangi, sawa. Lakini hata kulala?

Najivuna nawe, majirani wamechoka kunisikia. Ila harusi ya dada yako hukuja, ukasema panya hawana likizo. Alicheka. Mimi sikucheka.

Kilichonikaa rohoni ni wale panya wa Michael Meaney kule Montreal, utafiti wa 1997. Watoto waliolambwa sana na mama yao walikua watulivu, hata wakitishwa homoni yao haikuruka sana. Ukurasa huo niliurudia mara tatu. Miaka ile nilikuwa nikirudi kazini nimechoka, unajua. Ulimi nilikuwa nao, ila kazi yake ilikuwa nyingine. Baadaye nikaona kwamba kitoto cha mama mkavu kikilelewa na mama mlambaji, nacho hutulia. Basi namshukuru shangazi yako. Yeye hasemi, lakini naye anauliza kama unalala.

Na huyo msimamizi wako, akitaka marekebisho kesho asubuhi, mwambie keshokutwa. Hipokampasi ya panya hurudisha matawi yake mateso yakikoma. Hilo nalo umeliandika. Lakini sharti yakome.

Mlango wa chumba chako umevimba kwa mvua, haufungi. Fundi kaja mara mbili, mara zote anautazama tu na kutikisa kichwa. Vitabu nimevihamishia kwangu. Yale madaftari yaliyoota ukungu, niyatupe au niyaanike? Nijibu.

Ila nijibu mchana.

Mama